Kuhesabu Majiko Anand

Anand haina pori. Wiki za mwanzo kila tulipopanda basi nilikuwa natafuta kwa macho mahali pasipo na mtu, angalau kichaka cha maana, na sikupaona. Kijiji hakijaisha vizuri, tayari mnara wa hekalu la kijiji kinachofuata umechomoza juu ya migomba. Sensa ya India ya 2011 iliwakuta watu takriban milioni 2.09 katika wilaya hiyo ya jimbo la Gujarat, na eneo lake lote ni kama kilomita za mraba 3,000 hivi. Ndiyo kusema kilomita moja ya mraba wanagawana watu karibu 700. Mimi ni mtu wa Machame, nimekulia kihambani ambako ukikohoa jirani anakupa pole, kwa hiyo kubanana hakukunishtua. Kilichonishughulisha ni kingine: wote hawa wanakula nini, na hela ya kununulia inatoka wapi, wakati mashamba yenyewe ni vipande vya urithi vilivyokatwa na kukatwa tena?

Nilikwenda huko mwaka 2018 kusoma maendeleo ya vijijini. Sehemu ya masomo ilikuwa kuishi kijijini na kufanya dodoso la kaya, wanafunzi wawili wawili. Mwenzangu alikuwa msichana wa Vadodara, mtoto wa mjini kabisa, ambaye alijua Kigujarati chote ila kile cha ng'ombe. Kijiji chenyewe sitakitaja, maana nitasema mambo ya ndani ya watu. Kiko upande wa mji wa Petlad, katika ukanda wa udongo mzuri ambao wenyeji huuita Charotar. Tulipangiwa kukaa kwa mama mmoja mjane ambaye kijiji kizima kilimwita Ba, kama sisi tunavyomwita mtu mzima Mama bila kuuliza ni mama wa nani. Alikuwa na nyati watatu wa kufugwa, ng'ombe mmoja wa kisasa, na maneno machache sana kabla ya chai ya asubuhi. Mimi wakaniongezea "ben" mwishoni mwa jina, kama wanavyofanya kwa kila dada wa pale, na mambo yakaanza.

Maelekezo tuliyopewa yalikuwa mepesi kuyasema: hesabuni majiko. Sensa ya India inaitambua kaya kwa jiko. Wanaokula chungu kimoja ni kaya moja, hata wakilala vyumba mbalimbali. Nikadhani tutamaliza upesi. Basi ingia ndani ya lango moja la mbao, ukute ua, ndugu watatu na wake zao na wazee wao, mlango mmoja wa barabarani, kisima kimoja, na majiko mawili. Mwenzangu akauliza kwa nini ni mawili na siyo matatu. Wakacheka. Mke wa kwanza na wa pili hawaelewani, wa tatu anaelewana na mkwe. Nyumba ya jirani jiko lilikuwa moja lakini kwenye karatasi kaya zilikuwa mbili, kwa sababu ya kadi ya mgao wa chakula. Chini ya sheria ya uhakika wa chakula ya 2013, wakati ule anayestahili alipata kilo tano za nafaka kwa mwezi, ngano kwa rupia mbili kilo na mchele kwa rupia tatu (tangu 2023 ni bure), na kadi hutolewa kwa kaya. Wazee wetu waliopanga foleni ya sukari kwenye maduka ya ugawaji miaka ya 1980 wangeielewa nyumba hiyo bila kufafanuliwa. Kadi inajua kugawanya familia vizuri kuliko ugomvi.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililolipata pale ni kutoziamini namba mpaka niwe nimekaa jikoni. Dodoso lina kisanduku cha "kazi ya mkuu wa kaya". Mwanamume anajibu "kheti", kilimo, na karani anaandika kilimo. Ukikaa mpaka saa kumi na mbili jioni unaona kwamba mkulima huyo ana shamba lisilofika nusu ekari, anaendesha bajaji ya abiria mpaka Petlad, mdogo wake yuko kiwandani upande wa Vadodara, mama yao anakamua, na shemeji wa dada yao huko Leicester, Uingereza, alilipia paa. Lipi hapo ndilo riziki? Takwimu za kilimo za India za 2015–16 zinasema wastani wa shamba nchi nzima ni hekta 1.08, na zaidi ya asilimia 80 ya wakulima wako chini ya hekta mbili. Kwa shamba peke yake hakuna ambaye angeishi Charotar. Wanaishi kwa kuunganisha, na katika kuunganisha huko uzi unaopita kila mahali ni maziwa.

Nitayaeleza maziwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndiyo yaliyonifunza.

Ba aliamka kabla ya saa kumi na moja. Nyati anakamuliwa mikono ikiwa na mafuta kidogo, na hataki mgeni. Siku niliyosogea karibu aliyazuia maziwa yake mpaka nikaondoka, na Ba hakunificha maoni yake. Saa kumi na mbili foleni inakuwa imeanza mbele ya jengo la chama cha maziwa, ambalo wenyeji huliita kwa kifupi "deri". Wanawake na ndoo za chuma zinazong'aa, wazee, watoto wa shule waliotumwa wakiwa tayari na sare. Mtu anamimina maziwa kwenye chombo cha mizani, kijana anachota kijiko na kukipeleka kwenye kipimo cha mafuta, na kwenye kioo kidogo zinatokea namba tatu: lita, kiwango cha mafuta, rupia. Karatasi nyembamba inatoka. Ba hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne, lakini hiyo karatasi aliisoma kama hakimu. Nyati wake wakitoa maziwa yenye mafuta asilimia saba alikaa kimya. Yakishuka mpaka sita na kitu, alirudi nyumbani akiuliza ni nani aliyechezea mashudu. Jioni foleni inajirudia. Mara mbili kwa siku, mvua au sherehe, hata siku ya msiba.

Anayeleta lita moja anapimwa kwa kipimo kile kile cha anayeleta lita arobaini, na wote wamesimama foleni moja. Hili linasikika kama jambo dogo kwa mtu asiyejua matabaka ya kijiji cha Kihindi. Kijiji chetu kilikuwa na mitaa ya Patidar, ndio akina Patel, wenye ardhi, karibu na kituo cha basi. Halafu mitaa ya Thakor, ambao wengi wao ni wakulima wadogo na vibarua. Na pembezoni kabisa mtaa wa Vankar, watu ambao zamani waliitwa wasioguswa. Hekaluni na kisimani kila mtu alikuwa na mahali pake. Mzee mmoja Mvankar alituambia kwamba baba yake alipoanza kuleta maziwa, kuna waliosusia foleni. Kususia kwao hakukufika mbali, kwa kuwa maziwa yakikaa yanachacha, na lori halimsubiri mwenye kiburi. Sitaki kutia chumvi: niliwaona watu waliosimama foleni moja asubuhi wasioalikana harusini. Lakini mizani ni mizani.

Chama hicho hakikuanzia kwenye semina. Kabla ya 1946 maziwa ya Kheda, wilaya mama ambayo Anand ilimegwa mwaka 1997, yalinunuliwa kwa ukiritimba wa kampuni ya Polson na kupelekwa Bombay, na mfugaji akaambulia makombo. Wakulima wakakutana kijijini Samarkha Januari ya mwaka huo na kugoma kuuza. Nyuma yao alikuwapo Vallabhbhai Patel, kiongozi wa harakati za uhuru wa India, mwana wa Karamsad, hapo hapo Charotar, na mbele yao Tribhuvandas Patel aliyetembea kijiji kwa kijiji. Tarehe 14 Desemba 1946 muungano wao ukaandikishwa; ndio uliozaa jina la Amul, chapa ya maziwa inayojulikana India nzima. Baadaye akaja mhandisi Verghese Kurien, mtu wa Kerala ambaye hata kunywa maziwa alikuwa hapendi, akabaki Anand maisha yake yote. Mwaka 1964 Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri alilala usiku katika kijiji cha Ajarpura akitaka kuona siri ya mambo haya, na mwaka uliofuata ikaundwa bodi ya taifa ya maziwa, makao yake yakawekwa Anand badala ya Delhi. Siri yenyewe ni ya ngazi tatu: chama cha kijiji ni cha wafugaji, muungano wa wilaya ni wa vyama, shirikisho la jimbo ni la miungano. Mwenye kiwanda ni yule yule mwenye nyati.

Babu yangu alikuwa mwanachama wa KNCU, chama cha kahawa cha Kilimanjaro kilichoanza mwaka 1933, yaani kikubwa kwa umri kuliko hiki cha Kheda. Nilikulia nikisikia habari za ushirika kwa hiyo sikwenda India kama mtu asiyejua. Tofauti niliyoiona ni mwendo wa hela. Kahawa hulipa kwa msimu. Kati ya malipo na malipo mtu anakopa, na anayekopesha ndiye anayekula faida. Maziwa ya Ba yalilipwa kila baada ya siku kumi, benki, na mwisho wa mwaka kulikuwa na nyongeza kutoka kwenye ziada ya chama. Nyongeza hiyo ndiyo iliyolipa ada, harusi na meno ya dhahabu. Hela ndogo inayokuja bila kukosa ina nguvu ambayo hela kubwa ya mara moja haina. Dukani Ba hakuwa na daftari la madeni, na jirani yake mwenye ekari sita za tumbaku alikuwa nalo.

Swali la malisho lilinisumbua kwa muda. Watu 700 kwa kilomita ya mraba, nyati wanakula wapi? Hakuna anayechunga, ukiacha Rabari, wafugaji wa kuhamahama, wanaopita na makundi yao msimu wa kiangazi. Nyati amefungwa uani, na chakula kinamfuata: mabua ya mtama, majani ya mpunga, lusena iliyokatwa kwenye kingo za mfereji, mashudu ya pamba, na chakula cha kiwandani kinachouzwa na chama hicho hicho. Samadi inakandwa kwa mkono, inakaushwa ukutani, inapikia. Hata mkojo haupotei, unaelekezwa kwenye migomba. Kwetu Machame tunafuga hivyo hivyo, kwa hiyo nilijisikia nyumbani. Ila kwetu mkata majani anateremka mpaka tambarare, kwa Ba alitembea hatua chache tu. Nayo kazi hiyo, kuanzia kukata majani mpaka kumimina maziwa, niliiona ikifanywa na wanawake kwa sehemu kubwa mno. Kitabu cha uanachama kikawa kinasema jambo tofauti: majina yalikuwa ya waume. Ba alikuwamo kwa jina lake mwenyewe kwa sababu mume alikuwa amefariki. Gujarat kuna vyama vya maziwa vya wanawake peke yao, lakini kile cha kijiji chetu hakikuwa kimojawapo, na kwenye mkutano mkuu akina mama walikaa nyuma, mtandio ukiwa umevutwa mpaka puani mbele ya wakwe.

Hapo ndipo maziwa yanapoishia kunifurahisha. Kuna watu wa Charotar ambao hayawafikii.

Mwezi wa kwanza tumbaku inaiva. Charotar inalima tumbaku ya bidi, ile sigara ya kienyeji inayoviringishwa kwenye jani, na hela yake ni nzuri kwa mwenye shamba. Kukata na kukausha kunahitaji mikono mingi kwa muda mfupi. Usiku mmoja viunga vya kijiji vikajaa mahema ya nailoni. Walikuwa watu wa Dahod na Panchmahal, mashariki ya jimbo, Waadivasi, watu wa makabila ya asili, kutoka kwenye vilima ambako mvua ikisha kazi nayo imekwisha. Baba, mama, watoto, jiko la mawe matatu, simu moja ya kuchaji kwa muuza chai. Wakati ule sheria ya ajira ya vijijini ya 2005 iliihakikishia kila kaya ya kijijini siku 100 za kibarua cha serikali kwa mwaka, lakini siku hizo zilikuwa kwao, na malipo yalichelewa. Tumbaku ya Charotar ililipa mkononi. Mama mmoja wa Dahod alinionyesha viganja vyake, vimeganda rangi ya kahawia iliyokoza, inanata. Alisema chakula hakina ladha msimu wote, kwa kuwa uchungu wa jani unabaki kwenye vidole hata ukisugua kwa majivu. Mwanawe wa miaka kama minane alikuwa akimchunga mdogo wake badala ya kuwa shule.

Nikafungua dodoso. Hawakuwa na mahali. Tuliagizwa kuandika wakazi wa kawaida, na wao hawakuwa wakazi wa kawaida wa hapo. Upande wa pili, katika mtaa wa Patidar, tulikuwa tumejaza kurasa za nyumba za ghorofa zenye kufuli, kwa sababu mashamba yalikuwa ya watu hao, kadi ya kupigia kura ilikuwapo, na mlinzi alijua majina yote hata ya wajukuu waliozaliwa New Jersey. Yule aliyekuwa London miaka kumi na mitano alikuwa mtu wa kijiji. Yule aliyelala mita mia mbili kutoka hapo na kukata tumbaku yake hakuwa mtu wa popote. Tuliandika ukurasa wa ziada juu yao na kuuambatanisha nyuma. Msimamizi aliusoma, akautolea maswali mazuri, kisha jedwali kuu likabaki kama lilivyokuwa.

Hizo nyumba zenye kufuli zinanigusa kwa sababu kwetu zipo. Mtu akipita Machame au Marangu mwezi wa sita ataona majumba ya vigae na geti la chuma na hakuna moshi; aje tarehe 24 Desemba aone magari. Charotar nao wana Krismasi yao, ingawa si Wakristo: kuanzia Desemba mpaka katikati ya Januari, wakati wa sherehe ya vishada ya Uttarayan, watoto wa nje wanarudi, harusi zinafungwa mfululizo, na bei ya samli inapanda. Dharmaj, kijiji cha watu kama elfu kumi katika taluka (kama tarafa) hiyo hiyo ya Petlad, kina matawi zaidi ya kumi ya benki, kwa ajili ya akiba za walioko ughaibuni. Wana hata siku yao, tarehe 12 Januari, ya kuwakutanisha. Waliofungua njia hiyo walikuja kwetu. Kuanzia enzi za reli ya Uganda, akina Patel wa Charotar walivuka bahari kuja kuwa makarani, wenye maduka, wachambua pamba, Mombasa, Kampala, Mwanza. Kipande cha urithi hakikutosha ndugu wanne, wawili wakapanda jahazi, baadaye meli. Msongamano wa Anand umekuwa ukimwagikia kwetu kwa zaidi ya miaka mia moja, nasi tukawaona ni Wahindi matajiri tu, bila kuuliza walikimbia nini.

Nilikutana na mmoja wao. Ba ndiye aliyenipeleka, akisema kuna bibi anayejua lugha yangu. Alikuwa ameketi kwenye bembea ya mbao ya ndani, ile ambayo kila nyumba ya Kigujarati inayo, miguu haigusi chini. Nikasema, "Shikamoo, bibi." Akatabasamu sana. "Jambo, mama! Habari gani!" Kisha akamgeukia mjukuu, "Lete chai, pesi pesi," na nyumba nzima ikacheka kwa fahari. Alizaliwa Mwanza, akaolewa huko huko, na mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo, ghorofa ya mumewe ilikwenda. Wao wakarudi kijijini ambako hakuwahi kuishi, na mashemeji wakaenda Uingereza. Alikumbuka samaki wa ziwani ingawa yeye hali samaki, mawe ya Bismarck, na dada wa kazi aliyemlelea watoto wawili wa kwanza. Kiswahili chake kilikuwa kamili kwa kuagiza: lete, peleka, funga mlango, osha vizuri. Nilipomuuliza kwa Kiswahili alijisikiaje kuondoka, alitafuta neno, akalikosa, akajibu kwa Kigujarati na kulia kidogo. Yule dada wa kazi alimjua kwa jina moja tu. Akaniuliza kama namfahamu.

Nilimpenda, na nilitoka pale nikiwa na hasira kidogo. Yote mawili ni kweli.

Upande wa uzazi nilikuwa nimebeba mawazo ya kawaida: India, watu wengi, watoto wengi. Siku moja nimekaa na wanawake vijana wa mtaa wa Thakor wakichambua mchele, wakaniuliza kwetu tumezaliwa wangapi. Nikasema saba. Kimya, kisha mmoja akauliza kwa huruma kama mama yangu bado yuko hai. Yeye alikuwa na miaka kama ishirini na sita, watoto wawili, na tayari alikuwa amefunga kizazi, "operesheni" kama wanavyosema, njia inayotumika kuliko zote India. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2019–21 uliukuta wastani wa India kuwa watoto 2.0 kwa mwanamke, na Gujarat 1.9. Sisi Tanzania uchunguzi wa 2022 ulitukuta na 4.8. Kwa hiyo kile kijiji kilichojaa namna ile hakizai tena kwa wingi. Waliojaa ni waliokwisha kuzaliwa, wanaoishi miaka mingi kuliko babu zao, na vijana wao wanaotafuta kazi kwa pamoja. Mtu akikuambia dawa ya umaskini wa kijiji ni uzazi wa mpango peke yake, mpeleke Petlad akaone vijana wa nyumba za watoto wawili wawili wamekaa kituoni na vyeti vya uhandisi, wakiulizana habari za viza ya Kanada.

Kuna hesabu nyingine ndani ya hiyo. Kwenye kliniki ya kipimo cha picha ya tumbo, mjini Anand, ukutani pamebandikwa tangazo kwa lugha mbili kwamba hapa hatutaji jinsia ya mtoto aliye tumboni. Ni sheria, tangu 1994. Tangazo linaeleza tatizo kuliko takwimu, lakini takwimu ipo: sensa ya 2011 Gujarat ilikuta wanawake 919 kwa wanaume 1,000. Familia inayotaka watoto wawili na lazima mmoja awe wa kiume itafanya nini, kila mtu anajua na hakuna anayesema. Nilichokiona kwa macho ni matokeo: wanaume wa Patidar wa miaka thelathini na tano wasio na mke, wana ekari nne na nyati wanane, na wasichana wa mitaa yao wakiwakataa wazi. Msichana anataka bwana wa nje au wa mjini. "Nani atakamua?" aliniuliza mmoja wao, binti wa chuo, kama vile hilo ndilo jibu lote. Ba, aliyekamua tangu ana miaka kumi na mitano, hakumlaumu. Alisema tu kwamba akifa yeye, nyati watauzwa wiki hiyo hiyo.

Na tayari baadhi ya nyumba za Patidar zimeuza. Mifugo inahamia mitaa ya Thakor na Vankar, kwa mikopo inayokatwa kwenye maziwa. Mwenye ardhi anabaki na tumbaku na migomba. Asiye na ardhi ananunua majani na kuuza lita. Kuna shimo hapo: anayenunua kila kitu, kuanzia mashudu mpaka majani, anabakiwa na faida nyembamba, na nyati akifa kabla ya mkopo kuisha anarudi kwenye kibarua akiwa na deni. Nilihoji kaya mbili zilizopatwa na hilo. Walikuwa bado wanaleta maziwa, safari hii ya nyati wa mtu mwingine.

Nilirudi nyumbani, na sasa kazi yangu ni hiyo hiyo ya madodoso, wilayani Hai, kwa mradi wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Uchagani kahawa ilikuwa ya baba na maziwa ya mama. Bibi yangu aliuza kikombe kwa kikombe, na hela aliifunga kwenye kona ya kitenge, babu akijua na kunyamaza. Siku hizi maziwa yanakusanywa kwa lita kituoni na malipo yanaingia kwa simu. Dodoso tulilolikuta lilikuwa na "nani anamiliki ng'ombe" na "nani anakamua". Nikaomba tuongeze mawili: hela inaingia kwenye simu ya nani, na nani anayejua namba ya siri. Wenzangu waliona ni uchokozi. Tulilijaribu kwa akina mama wa kikundi kimoja juu kule karibu na msitu, na walicheka kwa muda kabla ya yeyote kujibu. Simu nyingi zilikuwa za baba watoto. Namba ya siri, ikawa, wengi wao walikuwa wanaijua.